Chura wa Chini ya Mtungi

Mwezi Mei mwaka jana, masika yakielekea mwisho, nilihamisha miche 60 ya nyanya kutoka kitaluni na kuipanda kwenye matuta mawili nyuma ya nyumba yetu hapa Morogoro. Asubuhi ya tatu nikakuta saba imelala chini, imekatwa usawa wa ardhi kana kwamba mtu kapita na wembe. Wiki ilipoisha ilikuwa imefika 17. Mwenye bustani hahitaji kuambiwa ni nani. Unachokora kwa kijiti pembeni ya mche uliokatwa, kina cha kifundo cha kidole tu, unamkuta sota, yule kiwavi mkata miche, kajikunja, mnene, rangi ya udongo, kashiba jasho lako.

Dukani kwa pembejeo niliuziwa chupa ya dawa. Nikaisoma karatasi yake jioni nikiwa nimeshajaza maji kwenye bomba la kupulizia: usivune mpaka zipite siku kadhaa. Sasa katikati ya yale matuta kuna mchicha, na mchicha huo tunauchuma kila baada ya siku moja. Nikamwaga maji, chupa nikaiweka juu ya kabati la stoo, na usiku nikachukua tochi na kopo kwenda kuokota sota kwa mkono.

Hapo ndipo nilipomwona. Sikumtambua mara moja, maana nilidhani ni bonge la udongo. Chura mkubwa, mkavu, ngozi ya vipele na mabaka ya kahawia, kaketi kando ya tuta kama mlinzi wa zamu. Si yule chura laini wa mtoni anayeruka akipotea. Huyu hata hakushtuka, alisogea hatua mbili za kivivu akatulia. Kisha sota akatoka kwenye udongo, na kwa muda mrefu hakuna aliyefanya kitu. Alipoanza kujikongoja kuelekea kwenye shina, chura akainama kidogo mbele, akakaza macho, na sota hakuwepo tena. Ulimi sikuuona. Nilichoona ni macho yakididimia ndani ya kichwa wakati anameza, kama mtu anayefumba kwa utamu. Baadaye nilisoma kwamba yale macho kweli yanashuka na kusaidia kusukuma chakula kooni, na kwamba ulimi wa chura umeshikwa mbele ya kinywa, si nyuma kama wetu, ndiyo maana unafyatuka.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Kopo langu lilirudi ndani na sota wawili.

Kosa langu lilikuwa kusimulia wakati wa chai. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu mzee alipofariki, aliweka kikombe chini.

“Chura anaingia uani usiku, na wewe unamwangalia?”

“Anakula wadudu, mama.”

“Na nani kamtuma?”

“Kaja mwenyewe, mama. Hakutumwa.”

“Utajuaje?”

Jioni ile nilimkuta anatembea uani na kiganja kimejaa chumvi. Kwao Mahenge, na kwetu Tanga pia nisijitenge, chura akikaribia mlango hurushiwa chumvi na hakuna anayeuliza kwa nini. Chumvi kwa chura ni moto. Hana ngozi ya kumlinda kama sisi. Karibu maji yote ya mwili wake huingia kupitia ngozi hiyohiyo. Hata hanywi kwa mdomo. Anakaa tu kwenye unyevu, na ngozi ya tumboni inanyonya.

Kubishana na mama mkwe juu ya uchawi ni kazi isiyo na mshahara, nikajaribu njia nyingine. Nikamweleza habari za vyura wa Kihansi, maana ni ng'ambo tu ya bonde la Kilombero ukitokea kwao. Vyura wadogo, hawafiki sentimita tatu, wanazaa watoto kamili badala ya kutaga, na waligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, mahali hapo tu duniani. Bwawa la umeme lilipoyapunguza maji, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakachukuliwa mamia kadhaa kwenda kutunzwa Marekani, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha. Halafu wakarudishwa, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena kulekule korongoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. “Yaani chura kapanda ndege,” akasema, “na mimi Dar nakwenda kwa basi.”

Lakini alicheka, na kwa mama mkwe kicheko ni nusu ya ruhusa. Tukawekeana mpaka: mpapai. Chura akibaki upande wa bustani, ni wangu. Akivuka mpapai kuja upande wa chumba chake, chumvi iko jikoni.

Kwa hiyo kazi yangu haikuwa kumleta chura, alishakuja. Ilikuwa kumfanya asiwe na sababu ya kuvuka mpapai. Nikajiuliza anatafuta nini: pa kujificha mchana, maji, na chakula.

Pa kujificha ilikuwa rahisi. Kulikuwa na mtungi wa zamani uliopasuka shingo. Niliulaza kwenye kivuli cha migomba, nusu nikaufukia, mdomo ukatazama mbali na jua la mchana, ndani nikatandaza udongo tifutifu na majani makavu yenye unyevu. Siku nne hakuna kitu. Binti yangu wa darasa la tatu akawa anachungulia kila akitoka shule, mpaka nikamkataza, kwani nani atahamia nyumba ambayo mlangoni kuna jicho? Siku ya sita akanijia mbio. Chura alikuwa ndani, kajichimbia kwa miguu ya nyuma, kichwa tu nje.

Maji yalinisumbua zaidi. Nilitumia sahani pana ya plastiki, ile ya kuwekea chini ya chungu cha maua, kina cha vidole viwili, na jiwe katikati ili atoke bila shida. Maji ya bomba nayaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake ndipo namwekea, ile dawa ya klorini ipungue. Jirani yangu alikuja ukutani akalalamika kuhusu mbu, na alikuwa na haki. Hakuna anayetaka maji yaliyotuama karibu na dirisha lake. Tangu hapo kila baada ya siku mbili namwaga yote, nasugua, naweka mapya. Kiluwiluwi cha mbu hakipati nafasi ya kuwa mbu. Miezi ya Agosti na Septemba, udongo ulipokauka ukawa kama tofali, nadhani sahani ile ndiyo iliyomzuia asihame. Ukienda saa mbili usiku unamkuta kakaa ndani yake, tumbo majini, ametulia kama mzee kwenye baraza.

Kuhusu chakula, tatizo lilikuwa taa. Taa ya barazani kwa mama mkwe inawaka mpaka usiku, wadudu wanaanguka chini yake, na chura si mjinga. Mara mbili nilimkuta ameshafika kwenye mpapai. Nikanunua kataa ka sola nikakatundika kwenye uzio wa mbali, nyuma ya migomba. Mwanzoni nilikatundika juu ya matuta, upumbavu mtupu, maana nondo walewale wanaotaga mayai ya sota nao hufuata mwanga. Nilikuwa nawaita wageni halafu nalalamika kuhusu watoto wao. Uzioni, mita kadhaa kutoka kwenye mboga, na kuzimwa saa nne, ndiyo ilikaa sawa.

Mengine yalikuwa ya kuacha tu. Niliacha kufagia chini ya migomba mpaka udongo ung'ae. Niliacha kumwaga majivu ya moto na maji ya sabuni kule. Ile chupa ya dawa niliigawa kwa mtu mwenye shamba la mahindi, kwani mdudu aliyepuliziwa akiliwa, sumu inahama tumbo.

Mbwa wetu alijifunza kwa ukali. Nyuma ya macho ya chura wa aina hii kuna matezi mawili yaliyovimba, na akibanwa hutoa maziwa mazito yenye sumu. Usiku mmoja nikasikia mbwa anakohoa, povu linamtoka. Nikamwosha mdomo kwa maji mengi, nikielekeza maji yatoke nje yasiende kooni, nikafuta fizi kwa kitambaa. Kufikia asubuhi alikuwa amepona; mbwa mdogo angeweza kufa. Tangu siku hiyo analala amefungwa upande wa geti. Watoto nao nimewaambia hashikwi, na aliyemshika ananawa kwa sabuni. Habari za kwamba mkojo wa chura unaota sugu mkononi si kweli, lakini sikuharakisha kuikanusha, ilinisaidia.

Na nyoka? Kila mtu aliniuliza. Ni kweli wapo nyoka wanaokula vyura, siwezi kudanganya. Ndiyo maana mtungi uko mbali na mlango, majani nimefyeka pande zote isipokuwa pale kwenye migomba, na usiku hatutoki bila tochi na viatu. Mpaka sasa hatujaona hata mmoja, ila tochi siachi.

Mwezi Julai nilipanda tena miche 60, matuta yaleyale. Ilikatwa minne. Sitasema yote ni chura, kwani safari hii nilizungushia kila shina kipande cha karatasi ngumu kilichozama kidogo udongoni, na kipupwe si masika. Lakini konokono wale wasio na nyumba, waliokuwa wanatoboa figiri mpaka inafanana na chandarua, walikwisha kabisa, na hao sikuwawekea kitu. Alichoshindwa ni kanitangaze. Yule funza anaishi ndani ya jani la nyanya, na chura hapandi mnyanya; majani yenye michirizi nilichuma na kuchoma mwenyewe, na matunda mengine yalikwenda na maji. Pia anakula minyoo ya ardhini na buibui ambao ningependa awaache. Hachagui.

Novemba, mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga jioni, kumbikumbi wakatoka. Mama mkwe hajawahi kukosa siku hiyo. Alitoa beseni la maji akaliweka chini ya taa yake, akavuta kigoda, na kibakuli cha chumvi ya kukaangia pembeni. Mtaroni vyura wengine walikuwa wanakoroma kwa sauti moja, mume wangu akapiga kelele kutoka chumbani kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini yeye si ng'ombe na kesho ana zamu ya asubuhi.

Nilikwenda na tochi kwenye mtungi. Mtupu. Kwenye sahani, hayupo. Nikapita mpapai haraka.

Alikuwa barazani. Kumbikumbi walikuwa wanamiminika kwenye taa, wengine wanadondoka majini, wengine sakafuni, na chura kaketi upande wa pili wa beseni, anafyatua ulimi bila kupumzika, bawa moja limemning'inia kwenye mdomo. Mama mkwe alikuwa anaokota kwa mikono miwili. Kibakuli cha chumvi kilikuwa hapohapo gotini kwake. Nikasimama, sikusema kitu.

“Mwanangu,” akasema bila kuinua kichwa, “mwambie mwenzako hao walioanguka majini ni wangu.”