Mashine ya mjomba imeacha kurekodi "tuu tuu"

Mjomba ana nyumba ya wageni Tukuyu, na hataki kusikia habari ya kuachana na mashine yake ya kupokea ujumbe wa simu, ile ya kaseti ndogo. Tangu tuhamishie simu ya mezani kwenye adapta ya intaneti (kile kiboksi kinachopitisha simu kwenye intaneti), mashine ilikuwa inapokea vizuri tu, ila mteja akikata, yenyewe inaendelea kurekodi "tuu, tuu, tuu" mpaka kaseti inajaa. Fundi mmoja wa Mwanjelwa akashauri tuitupe. Nikamwambia thubutu, kamwambie mzee mwenyewe.

Kumbe mashine nzima. Kwenye laini za zamani, aliyepiga akikata, mtambo wa simu huzima umeme wa kwenye waya kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo mashine inapojua maongezi yameisha. Adapta yetu ilikuwa haizimi. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikatafuta palipoandikwa CPC (ndiko huko kuzima umeme wa waya mpigaji akikata), nikaweka nusu sekunde, nikaiwasha upya. Nikapiga kwa simu ya mkononi nikiwa barazani (mvua ya Tukuyu mnaijua), nikakata. Ndani kaseti ikalia "klak", ikasimama.

Angalieni na hili: watoa huduma wengi wana kisanduku chao cha ujumbe. Kikiwahi kupokea kabla ya mashine, mashine haitapata kitu. Zimeni kimoja.

Mjomba sasa analalamikia mwangwi. Na umeme ukikatika hana simu wala mashine. Hilo nimemwambia anunue betri.