Siku moja na pikapu ya samaki

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua gereji hapa Temeke, chai sijaimaliza, mteja kashafika na Hilux yake ya kubebea samaki kutoka soko la Feri. Harufu ilitangulia kufika. Jana kwenye simu alisema fundi kuna katundu kadogo kwenye sakafu ya nyuma, na mi nshajua mtu mwenye gari la kutu akisema katundu ujiandae.

Saa 1 tunatoa turubai na mbao alizotandika. Aisee. Nimegusa na bisibisi ikazama kama kwenye mkate, ukichungulia unaona mchanga wa chini. Maji ya barafu yenye chumvi yanaingia chini ya mbao yanakaa humohumo hayakauki, halafu aliyemuuzia gari alijaza puti ya kuzibia akapaka na lami, kwa nje kunang'aa. Jamaa ananiambia "fundi si upige kiraka tu juu nikawahi?" Bosi, kiraka nitakichomelea kwenye nini sasa?

Saa 2 mpaka saa 4 tunashusha bodi zima la nyuma, lile la kubebea mzigo. Kuna mafundi wanachomelea hukohuko juu ya gari, mi hapana, tenki lipo hapo chini, na likiwa halina mafuta ndo baya zaidi maana limejaa mvuke. Nimechomoa waya za taa za nyuma, nimefungua mdomo wa tenki ulipofungwa kwenye bodi, bolti nyingine zimekubali kwa dizeli na spana ndefu, mbili zimegoma nimekata na grenda. Tukalibeba watu sita tukaliweka juu ya matairi.

Kukata sakafu ya zamani ni kazi ya nusu saa tu. Kilichonichelewesha ni mihimili ya chini, miwili imeliwa imebaki kama karatasi, hiyo nimekunja mipya. Kwa sakafu mpya mteja anataka shiti la chuma la milimita 3 ati lidumu. Shiti la futi 8 kwa 4 la milimita 2 lina kama kilo 47, la 3 linafika 70, utaubeba uzito huo kila siku wakati kutu inaanzia chini? Tukakubaliana 2. Upana hautoshi, futi 4 na sakafu inakaribia 5, kwahiyo pembeni kwenye matairi naunga vipande.

Saa 7 nawasha mashine, umeme huo umekata. Nikaenda kula wali maharage kwa mama ntilie, umerudi saa 9 kasoro.

Shiti jembamba unalichomelea kwa nukta, moja huku nyingine kule, unaliacha lipoe. Nimegeuka kuongea na simu dakika mbili tu, dogo wangu kachomelea mstari mmoja mrefu bila kupumzika, joto limezidi shiti limetuna katikati kama chapati. Sikumfokea, na mi nliwahi kufanya hivyo kwenye gari la watu. Tumekata ule mstari, nyundo, tumeanza upya, lisaa limeenda.

Saa 11 natoboa matundu ya maji, napaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Saa 1 usiku imekauka, nikamwaga ndoo ya maji nione, yote yakakimbilia kona ya mbele kushoto ambako sijatoboa. Drili tena, rangi tena, ndo tukarudisha bodi.

Mteja kalizunguka, kagonga na ngumi, kafurahi kweli. Halafu ananiuliza: "Fundi, zile mbao zangu mmeziweka wapi nizitandike?"