Eti wamebandika makofi

Wiki imekuwa na mambo yake: mkopo wa sacco umetoka, siku ya mahari ya mdogo wangu imesogezwa hadi Desemba, na bosi mpya ni yule yule mliyemtabiri. Yote yamepita. Lililogoma kupita ni neno moja la Shemeji, Jumapili kwa Wifi, tulipokuwa tumemaliza kula.

Nilikuwa nimeweka Into Africa, albamu ambayo Don Williams, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliirekodi jukwaani Harare mwaka 1997. Tulikuwa tumefika kwenye "You're My Best Friend". Shemeji akaweka kikombe chini.

"Shemeji, hii si ile ile ya CD?"

"Hapana, hii ni ya Harare. Huwasikii watu?"

"Nawasikia. Lakini nyimbo ni zile zile, wamebandika makofi tu. Sasa mtu atoke kwake, alipe tiketi, akasikilize kitu ambacho anacho nyumbani?"

Wifi akacheka, watoto nao wakacheka, mazungumzo yakahamia bei ya mbolea. Mimi nikabaki na jibu ambalo halikutoka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kwa upole kabisa. Angekuwa ananichokoza ningejua la kumwambia.

Mnamjua Shemeji, ni mtu wa rhumba. Kwake, jukwaani ndipo wimbo unapofunguka: sebene linavutwa, mpiga solo anapewa nafasi yake, watu wa ukumbini wanatajwa majina, na usipoangalia wimbo mmoja unamaliza robo saa. Ukimpima Don Williams kwa kipimo hicho unaona kwa nini ameshindwa kumwelewa. Mzee yule alikuwa anakaa kwenye stuli, kofia kichwani, anaimba wimbo wa dakika tatu kwa dakika tatu, anashukuru kwa maneno machache, anaingia unaofuata. Hachezi. Hapandishi sauti. Waliomwita Jitu Pole walikuwa wanasema kweli tupu.

Basi kila asubuhi kwenye matatu nimekuwa na spika za masikio, nikirudi kwenye studio na kutoka tena jukwaani. Nilianza na I Believe in You, ya 1980. Aliitayarisha yeye mwenyewe pamoja na Garth Fundis, na ukisikiliza kwa makini unaona kazi yao kubwa ilikuwa kupunguza. Gitaa linapiga kidogo tu, besi inatembea bila haraka, hakuna chombo kinachoparamia sauti. Wimbo uliobeba jina la albamu ulishika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani na ukavuka hadi kwenye chati ya pop, na ulifika huko bila kelele yoyote. Albamu yenyewe siipi alama zote, kuna nyimbo za katikati zinazopita kama abiria wa kushukia njiani. Nikilazimishwa kubaki na moja ya studio, nabaki na Visions ya 1977, kwa sababu ya "Some Broken Hearts Never Mend", wimbo ambao mapigo yake yanachangamka wakati maneno yanalia. Na Expressions ya 1978 sitaigusa leo, nitaishiwa na nafasi. Niseme tu kwamba "Tulsa Time" iliandikwa na Danny Flowers, mpiga gitaa wa bendi yake, na bosi akawa na akili ya kuichukua.

Hadi Jumatano nilikuwa bado nabishana na Shemeji peke yangu. Sasa mtu atoke kwake, alipe tiketi... Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba ana haki.

Alhamisi jioni nikiwa nachambua mboga, Harare ikaanza tena, na nikasikia makofi yanaingia wapi. Yanaingia gitaa likianza tu, kabla hajafungua mdomo. Wale watu walijua wimbo gani unakuja kwa noti chache za mwanzo. Walikuwa wamemjua miaka zaidi ya ishirini kwa redio na kaseti, kama sisi. Baba alikuwa amemrekodi kutoka redioni, kaseti ameiandika DONI kwa herufi kubwa, na katikati ya wimbo mmoja mtangazaji anakatiza kusema saa. Hadi leo nikifika ubeti wa pili nangoja atuambie ni saa ngapi. Mtu aliyeishi na kaseti ya namna hiyo halipi tiketi akabadilishiwe wimbo. Analipa ili ahakikishe kwamba ile sauti ina mwenyewe, kwamba kule Marekani kuna mtu wa damu na nyama ambaye hivyo ndivyo anavyoimba. Na amekuja mwenyewe, Afrika, akakaa kwenye stuli akaimba vile vile. Niliacha mboga nikasimama tu pale jikoni, nimefurahi peke yangu.

Halafu nikaongeza ya tatu, albamu yake ya jukwaani kule Ireland iliyotoka 2016, mwaka aliostaafu moja kwa moja. Hapo ndipo jibu la Shemeji lilipokamilika. Wimbo ni ule ule uliobeba jina la albamu ya 1980, mwendo ni ule ule, lakini sauti imeshuka kisimani. Pumzi anaitafuta. Sentensi alizokuwa anazimaliza kwa mkupuo mmoja mwaka 1980 sasa anazigawa. Ziweke mfululizo, 1980, 1997, kisha Ireland, utamsikia mtu akizeeka ndani ya wimbo mmoja. Na kwa kuwa hakugeuza kitu kingine chochote, hakuna sebene la kufunika, unaousikia ni umri wake. Alifariki Septemba 2017, akiwa na miaka 78. Ukijua hilo, ya Ireland haisikilizwi huku unaosha vyombo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: Visions kwanza, Harare ya pili, Ireland iache hadi uwe umezoeana naye. Desemba watu wa mahari wakishatulia nitamwomba Shemeji nusu saa, nimwekee ya 1980, Harare na Ireland kwa mpangilio wa miaka, bila kusema neno. Rhumba yake nitaisikiliza baadaye hata hadi asubuhi.

Mama naye goti limeanza tena. Kliniki ni Jumanne, na daktari alisisitiza twende na ile picha ya eksirei ya mwezi wa tatu. Nimepekua kabati lote, chini ya godoro, hadi kwenye sanduku la vyeti. Siioni.