Kabla ya kusema kiwewe kimebadili jeni, hesabu neutrofili

Kila mara matokeo yanapotoka kwamba watu wa asili fulani wenye PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe, wana metilesheni tofauti na wenzao wa asili nyingine, swali la kwanza ni la maabara. Siasa na historia zije baadaye.

Metilesheni ni kikundi kidogo cha methili kinachobandikwa kwenye herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatwa na G. Herufi yenyewe haibadiliki. Ili kuipima, DNA hutiwa kemikali iitwayo bisalfaiti: C isiyo na methili hugeuka na kusomwa T, yenye methili hubaki C. Jibu hutoka kama namba iitwayo beta, kuanzia 0 (hakuna methili) hadi 1 (nakala zote zina methili).

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Mtu aliyerithi T badala ya C mahali hapo ataandikwa na mashine kuwa hana methili, na tofauti za kurithi kama hizo hazijasambaa sawasawa duniani. Chora beta za washiriki wote kwa kila sehemu, yaani kila C inayopimwa. Ukiona mafungu matatu, moja karibu na 0, jingine karibu na 0.5, la tatu karibu na 1, ujue unaangalia urithi, si kiwewe. Itoe sehemu hiyo. Na orodha ya sehemu za kutoa isitokane na Wazungu peke yao, maana haitaziona tofauti zilizojaa Afrika.

Mtego wa pili ndio unaowanasa wengi. Damu ni mchanganyiko wa seli, na neutrofili, aina moja ya seli nyeupe, zina alama za methili tofauti kabisa na limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe. Watu wengi wa asili ya Afrika kusini mwa Sahara wamerithi hali ya Duffy hasi (seli nyekundu zisizo na protini iitwayo Duffy), ile ile inayowakinga na malaria ya vivax, na hali hiyo huambatana na neutrofili chache bila ugonjwa wowote. Linganisha kundi hilo na Wazungu bila kurekebisha idadi ya seli, na utapata maelfu ya jeni "zilizobadilika". Programu za kukadiria seli zipo, ila seli za mfano zilizotumika sana kwa miaka zilitoka kwa wanaume 6 wa Sweden! Hesabu kamili ya damu, siku ile ile ya kuchukua sampuli, ni bei ndogo kwa usalama huo.

Mambo ya mpangilio ni mafupi. Kipande kimoja cha EPIC, kifaa cha kupimia metilesheni, hubeba sampuli 8. Changanya wagonjwa, wasio wagonjwa na asili zote kwenye kila kipande, la sivyo tofauti ya kipande itajifanya tofauti ya watu. Kifaa hicho kikipima sehemu zaidi ya 850,000, p ya 0.05, kizingiti cha kawaida cha kusema tokeo si la bahati tu, haina maana. Kizingiti kiko karibu na 9×10⁻⁸. Kokotoa vijenzi vya asili, yaani namba zinazofupisha tofauti za kurithi za washiriki, ndani ya kila kundi, chambua kila kundi peke yake, kisha ndipo uunganishe.

Tumbaku nayo haisahauliki. Jeni ya AHRR hushuka metilesheni kwa wavutaji. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliounganisha makundi 10 ya wanajeshi na raia uliikuta imeshuka kwa wenye PTSD pia, na uhusiano ukawa na nguvu zaidi kwa wasiovuta. Bila kuwatenga wavutaji, hilo lisingeonekana.

Mfano mzuri wa ulinganisho unatoka Rwanda. Utafiti wa 2014 ulichukua wanawake 25 waliokuwa wajawazito na kupitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, pamoja na watoto wao, ukawalinganisha na wanawake 25 wa kabila lile lile, wajawazito wakati ule ule, ambao hawakuyapitia. Kabila limeshikiliwa palepale. Kilichobaki ni kiwewe, pamoja na maisha yaliyofuata. Akina mama walioyapitia na watoto wao walikuwa na metilesheni ya juu kwenye eksoni 1F, kipande kimoja cha NR3C1, jeni ya kipokezi cha kotisoli (homoni ya msongo), na kotisoli yao ilikuwa chini.

Lakini mwaka huo huo, kazi nyingine kwa manusura wa Rwanda ilikuta kwamba kwa wanaume, metilesheni zaidi kwenye sehemu moja ya jeni hiyo hiyo iliendana na hatari ndogo ya PTSD. Kwa hiyo ripoti inayosema tu "NR3C1 imepanda" haijasema kitu, mpaka itaje ni C ipi, ya mwanamume au ya mwanamke.