Mbwa wa nyumbani akifa: la kufanya siku ile na miezi inayofuata

Aliyefiwa na mbwa hupewa pole nyingi na maelekezo machache. Usiku umeingia, mwili wa kilo 30 umelala sebuleni, watoto wako macho, na hakuna anayejua aanzie wapi. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu machungu mengi yanayomrudia mtu miezi baadaye huwa na chanzo katika saa zile za mwanzo: kaburi fupi lililofukuliwa, mtoto aliyedanganywa, vitu vilivyotupwa alfajiri kwa hasira ya huzuni.

Hakikisha kwanza kwamba amekufa. Tazama kifua kwa dakika 5 bila kubandua macho. Weka vidole nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, pale kiwiko kinapogusa mbavu, usikilizie mapigo. Kisha jaribu upande wa ndani wa paja, ambako mshipa mkubwa wa damu hupita. Gusa jicho taratibu kwa ncha ya kidole uone kama atapepesa. Ukibaki na shaka, mpigie daktari wa mifugo. Na jua hili mapema: baada ya moyo kusimama, mwili unaweza kuvuta pumzi moja au mbili za kushtukiza, misuli ikachezacheza, mkojo na kinyesi vikatoka kwa kuwa misuli inayovibana imelegea. Macho hubaki wazi na hayafungiki ukijaribu kuyafunga. Mbwa hasikii chochote wakati huo. Wapo watu wanaobeba picha ile kwa miaka wakiamini mbwa wao aliteseka, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Kuna hali moja ambayo hutakiwi kabisa kumgusa kwa mikono mitupu. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, akatokwa mate mengi, akashindwa kumeza, sauti ikawa nyingine, akaanza kupooza au kuuma ovyo, huenda alikuwa na kichaa cha mbwa. Usimzike kabla daktari wa mifugo hajaelekeza, kwa sababu uthibitisho hupatikana kwa kupima ubongo, na ubongo uliooza ni shida kupimika. Yeyote aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja majibu ya maabara. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo iliyowahi huzuia.

Kama hakuna shaka hiyo, muda ndio wa kuangalia. Mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, kwa hiyo mkunje mapema: miguu chini ya tumbo, kichwa kikielekea miguu ya mbele, mkao wa mbwa aliyejikunyata. Akikakamaa akiwa amenyooka, shimo litabidi liwe kubwa zaidi, na kumkunja kwa nguvu ni kazi ambayo hutapenda kuikumbuka. Hali hiyo huachia yenyewe baada ya siku 1 hadi 3, mapema zaidi penye joto. Tandika nailoni au turubai, juu yake taulo kuukuu la kunyonya majimaji chini ya mdomo na upande wa mkia, kisha funika kwa shuka. Penye joto azikwe siku hiyohiyo. Ikibidi kusubiri hadi asubuhi, weka barafu ndani ya mifuko pande zote za tumbo, maana uozo huanzia kwenye utumbo.

Kuhusu kaburi, kosa ni lilelile kila mahali: kina. Aliyechoka na kulia hudhani nusu mita inatosha. Unatakiwa kuacha angalau mita 1 ya udongo juu ya mwili, yaani shimo la karibu mita 1.3 au zaidi kwa mbwa mkubwa, na kwenye ardhi ngumu hiyo ni kazi ya watu wawili kwa nusu siku. Kaa mbali na kisima au mto, mita 30 na kuendelea, na epuka mahali ambapo maji hutuama mvua ikinyesha. Mfunge kwa shuka la pamba. Mfuko wa nailoni uliofungwa hunyima hewa na kuchelewesha kuoza, na chokaa ambayo wengi huimwaga wakidhani inaharakisha nayo huchelewesha. Rudisha udongo kidogokidogo ukishindilia, acha tuta kwa kuwa udongo utatitia, halafu panga mawe mazito juu ili wanyama wasifukue. Uliza pia sheria ya mahali pako. Kwingine kuzika mnyama uani hakuruhusiwi.

Kina kinakuwa jambo la uhai na kifo iwapo mbwa alidungwa sindano ya kumaliza maisha. Dawa inayotumika sana, pentobabitali, haiharibiki upesi. Hubaki mwilini na hata udongoni kwa muda mrefu, na ndege mla mizoga au mbwa mwingine akila mzoga huo anaweza kuzimia au kufa. Kama huwezi kuchimba vya kutosha, chagua kuchoma.

Kwa wanaochagua kuchoma, swali la kwanza kwa wahusika ni kama atachomwa peke yake au pamoja na wengine, kwani majivu yako utayapata tu kwa njia ya kwanza. Chombo cha majivu hukadiriwa kwa uzito: mililita 36 hivi kwa kila kilo, yaani mbwa wa kilo 30 anahitaji chombo cha lita 1.1. Usiyamwage moja kwa moja kwenye shina la mche. Yana chumvi nyingi na ukali wa magadi, mche utakauka. Changanya na udongo mwingi kwanza.

Sasa watoto, na hao hawawezi kusubiri kesho. Waambie kwa maneno yasiyo na kona: “Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, haumwi, na hatarudi.” Ukisema amelala, mtoto ataogopa kulala. Ukisema alidungwa sindano ya usingizi, siku atakayohitaji kupasuliwa utakuwa na kazi kubwa hospitalini. Ukisema ametoroka, atakaa getini akimsubiri, na siku akiupata ukweli atakuwa amepoteza mbwa pamoja na imani kwako. Mtoto chini ya miaka 5 bado hajui kwamba kifo hakirudi nyuma. Atauliza “atarudi lini?” leo, kesho na wiki ijayo, mjibu vilevile kila mara. Mkubwa kidogo atauliza mambo ya mwili, yaani funza, mifupa na harufu, na huko si kukosa adabu. Chunguza kama anadhani yeye ndiye aliyesababisha, kwa kuwa alimkaripia au alisahau kumwekea maji. Anayetaka kuuona mwili aelezwe kwanza kwamba utakuwa wa baridi na mgumu, na asiyetaka asilazimishwe. Kijana wa miaka 15 atasema yuko sawa. Mpe kazi ya kuchimba, mara nyingi atazungumza akiwa na jembe mkononi.

Kisha huja majuto, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wote. Kuna anayesema “nilichelewa” na kuna anayesema “niliwahi mno”, na mtu mmoja anaweza kusema yote mawili usiku mmoja. Maneno ya kubembeleza hayaondoi swali. Jibu la kitabibu ndilo husaidia, kwa hiyo wiki moja au mbili baadaye rudi kwa daktari na maswali matatu uliyoyaandika: ni nini kilimuua, kilianza lini takriban, na nyumbani ningekiona kwa dalili gani? Mara nyingi utasikia kwamba dalili hazikuwepo. Figo za mbwa huanza kuonyesha shida zikiwa zimeshapoteza karibu theluthi mbili ya uwezo wake. Saratani ya mishipa ya damu kwenye wengu inaweza kukua kimya hadi ipasuke, na mbwa aliyecheza asubuhi akafa jioni kwa damu iliyovuja tumboni. Tumbo linalojaa gesi na kujipinda huua ndani ya saa chache, zaidi kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu.

Kwa aliyeamua sindano, kuna kipimo kilichopendekezwa mwaka 2004 na daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos. Mambo 7 hupewa alama kati ya 0 (hali mbaya kabisa) na 10 (hali nzuri kabisa): maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35, maisha yake huhesabiwa bado yanavumilika. Kwa kawaida hutumika kabla ya kuamua, ila nashauri ukitumie hata baadaye. Andika wiki mbili za mwisho siku kwa siku, uweke alama. Kumbukumbu ina upendeleo: hukuletea ile jioni moja aliyotikisa mkia na kuficha usiku tisa aliokesha akihema. Karatasi haina upendeleo huo. Na kama hukuwemo chumbani, jua utaratibu ulivyo: kwa kawaida hupewa kwanza dawa ya kumtuliza na kumsinzisha, kisha ile ya mwisho mshipani, hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na moyo husimama kwa dakika chache.

Utasikia pia “kwani si mbwa tu?” Mtafiti Kenneth Doka alieleza mwaka 1989 aina ya huzuni ambayo jamii haiipi nafasi ya kuombolezwa, na kifo cha mnyama wa nyumbani ni mfano wake wa wazi: hakuna likizo, hakuna matanga, kesho uko kazini. Huhitaji kubishana na kila mtu. Chagua wawili watatu wanaokuelewa, waliobaki waambie tu una msiba. (Kwa anayedhani mapenzi haya ni mambo ya kisasa: mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, yalipatikana mabaki ya mwanamume, mwanamke na mbwa waliozikwa pamoja miaka kama 14,000 iliyopita. Watafiti waliosoma meno ya mbwa yule waliona alama za ugonjwa mkali wa utotoni, ambao asingeuvuka bila mtu wa kumuuguza.) Wala usijipime kwa zile hatua 5 za huzuni (kukataa, hasira, kujadiliana, kuvunjika moyo na kukubali). Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza mwaka 1969 alikuwa akizungumzia wagonjwa wanaokaribia kufa wao wenyewe. Hakuna ratiba unayochelewa.

Kinachochosha hasa ni saa. Mbwa ndiye aliyekuwa akiipanga siku ya nyumba: saa ya kufungua mlango wa nyuma, ya chakula, ya matembezi, mlio wa funguo jioni. Kila moja ya saa hizo itakuuma peke yake, kwa hiyo ishughulikie peke yake. Matembezi usiyaache, badilisha njia na wakati. Ukirudi kazini, ingia kwa mlango mwingine kama upo, au mpigie mtu simu ukiwa unafungua. Kusikia kucha zake sakafuni ni jambo la kawaida kabisa, ubongo unaendelea kutabiri uliyoyazoea. Vitu vyake weka kwenye sanduku moja, ulifunge, uamue baada ya miezi 3. Blanketi lisifuliwe bado; likiwa ndani ya mfuko uliobanwa, harufu hudumu. Dawa zilizobaki zirudishe kliniki, usimpe mbwa mwingine wala mtu. Na waombe kliniki wafute kumbusho lake la chanjo, vinginevyo ujumbe utaingia kwenye simu yako siku usiyoitegemea. Mtu asiyelala wala kula vizuri baada ya wiki mbili, au anayesema heri naye afe, apelekwe kwa mtaalamu wa afya, huyo wa pili siku hiyohiyo. Waangalie zaidi wazee wanaoishi peke yao.

Wanyama waliobaki watamtafuta, watakufuata kila chumba, watapunguza kula. Shika saa zilezile za chakula. Mbwa mzima asipokula siku 2 mpeleke kwa daktari. Mtoto wa mbwa asifikishe siku nzima. Paka naye asizidi siku 2, kwa sababu paka asiyekula hujaza mafuta kwenye ini, na hilo huua.

Mbwa mpya? Ukiona unatafuta rangi ileile na jina lilelile, bado. Waulize wote nyumbani, na mmoja akisema hapana, ngojeni. Halafu angalia kilichomuua wa kwanza. Ikiwa ni sumu ya panya, pekua ua na stoo hadi uipate. Ikiwa ni parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua hasa watoto wa mbwa, virusi vyake hukaa kwenye mazingira kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Osha sakafu na banda kwa sabuni kwanza, maana uchafu huua nguvu ya klorini, kisha mimina klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu 1 kwa 30 za maji, ikae dakika 10 ikiwa mbichi. Udongo hausafishiki hivyo. Kwenye ua wa namna hiyo chukua mbwa mzima mwenye chanjo kamili, au mweke mtoto wa mbwa kwingine hadi amalize dozi zake, ya mwisho ikiwa imetolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Virusi vya distempa, ugonjwa mwingine hatari wa mbwa, havistahimili nje kwa muda mrefu hivyo, ila chanjo ni ileile, ya lazima.