Majina yanayopita mwishoni mwa filamu

Kazi yangu ni kuchora hina na piko. Niko Wete, Pemba, na msimu wa harusi ukiingia mikono inayopita mbele yangu kwa wiki moja siwezi kuihesabu. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililonifundisha kutazama. Mimi huangalia mstari. Nikiona ua limechorwa, najua mkono ulianzia wapi, wapi ulisita na wapi uliondoka kwa haraka.

Miaka michache nyuma nilivuka kwenda Unguja kwa harusi ya binamu yangu. Shangazi anakaa Kikwajuni, na ilikuwa wiki ya Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, hili tunaloliita ZIFF. Nilipomaliza kumchora bibi harusi, tukenda Ngome Kongwe na watoto wa shangazi. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi wa wazi, upepo ukituletea harufu ya mishikaki kutoka Forodhani, na kabla ya filamu kubwa ikaonyeshwa katuni fupi isiyo na neno hata moja. Mwanamke, ukuta, ndege. Ilichorwa kwa mkaa, na kila ndege aliporuka aliacha doa la kijivu pale alipokuwa ametua. Mwishoni majina yakapita upesi, maandishi meupe juu ya weusi, watu wakipiga makofi, na sikuwahi kusoma hata moja.

Nilirudi Pemba na swali hilo: nani aliyechora vile?

Kukitafuta kitu usichokijua jina ni kazi. Niliandika "katuni" kwenye simu, nikaletewa nyimbo za watoto na wanyama wanaocheza, moja baada ya nyingine, na bando la wiki likaisha kwa siku mbili. Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima. Njia ilifunguka siku nilipobadilisha swali. Niliacha kuuliza ni katuni gani, nikauliza imechorwa kwa kitu gani. Nikatafuta mkaa. Kisha mchanga. Kisha rangi juu ya kioo. Niliyaandika maneno hayo kwa Kiingereza, maana wengi walioandika habari hizi wameandika kwa lugha hiyo.

Mkaa ulinipeleka Johannesburg, kwa William Kentridge. Tangu mwaka 1989 anatengeneza filamu fupi kwa namna hii: anabandika karatasi moja ukutani, anachora, anakwenda kwenye kamera kupiga picha, anarudi kufuta kidogo na kuchora tena palepale. Karatasi hiyohiyo moja inabeba tukio zima. Mkaa haufutiki ukaisha, kwa hiyo kila kilichokuwapo kinabaki kama kivuli chini ya kilichopo sasa. Hapo nilifahamu yale madoa ya kijivu nyuma ya ndege. Filamu niliyoiona Ngome Kongwe haikuwa yake, nilipekua nyingi nikajiridhisha, lakini niliwaza hina ya siku ya kumi mkononi mwa bi harusi, ua limeshapauka na bado linasomeka. Nilikuwa nikilihesabu hilo kuwa ni kuharibika. Yeye amelifanya ndiyo lugha yake.

Mchanga ulinipeleka mbali zaidi. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1939, imeweka sehemu kubwa ya kazi zake mtandaoni bure, na humo nilimkuta Caroline Leaf. Mwaka 1974 alitoa filamu ya bundi aliyeoa bata bukini, hadithi ya watu wa Inuit wa kaskazini, na yote ni mchanga juu ya kioo chenye taa chini yake. Mchanga ukiwa mwingi unatoa weusi, ukiwa mwembamba unatoa kijivu. Anausogeza kwa vidole, anapiga picha, anausogeza tena. Picha iliyotangulia haipo tena, imeliwa na inayofuata. Niliitazama usiku huo mara tatu.

Humohumo nilimpata Norman McLaren, ambaye alichora kwa kalamu moja kwa moja juu ya utepe wa filamu bila ya kamera. Sikukaa naye sana. Lakini nilipokuwa nikisoma habari zake nikakuta kwamba miongoni mwa waliokwenda kujifunza kwake Kanada alikuwa kijana wa Niger, Moustapha Alassane. Mwaka 1966 Alassane alitoa katuni ya chura mkubwa wa nchi anayekwenda ziara ya kiserikali, anapokewa kwa gwaride na kila heshima. Ni ya dakika chache tu. Nina mapenzi makubwa na filamu hiyo. Ni hadithi za wanyama kama tulizosimuliwa sisi, paukwa, pakawa, isipokuwa wake wamevaa suti. Na alikuwa ameshaitengeneza kabla hata umeme haujafika vijijini kwetu.

Kuhusu bando, nilijipangia. Napakua usiku wa manane kwa ubora wa chini, natazama kwanza kwenye simu, na ile inayonigusa naipakua tena kwa ubora mzuri na kuihifadhi kwenye flashi. Flashi naichomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Na jambo moja nililijifunza kwa lile la Ngome Kongwe: siiachi filamu iishe bila ya kusimamisha majina ya mwishoni na kuyanakili kwenye daftari. Jina la mchoraji, la aliyepiga muziki, la aliyesaidia kupaka rangi. Wasanii hawa hawana mabango barabarani. Mtu anafanya kazi miaka miwili na msaidizi mmoja, na alama pekee anayoiacha ni yale majina.

Daftari hilo ndilo lililonipa mengi kuliko simu yenyewe.

Ilianza na filamu ya Michaël Dudok de Wit, Mholanzi aliyekuwa akiishi Uingereza. Ni ya mwaka 2000, dakika nane, na ilipata Oscar mwaka uliofuata. Baba na binti yake mdogo wanafika ufukweni kwa baiskeli. Baba anamkumbatia, anapanda mashua, anapiga makasia mpaka anapotea. Binti anarudi mahali pale kila mara, kwa baiskeli, dhidi ya upepo, anakua, anaolewa, anazaa, anazeeka. Hakuna anayesema neno. Nyuso karibu hazionekani, ni miili midogo ya wino chini ya mbingu kubwa.

Niliiweka ukumbini baada ya sala ya isha. Bibi alikuwa amekaa mkekani akisuka ukili, na yeye katuni hana habari nazo. Muziki ulipoanza akainua uso: "Kodiani hiyo." Akaendelea kusuka akisikiliza, kwa sababu kodiani kwake ni taarabu ya ujana wake. Kisha mashua ikaondoka, na mikono yake ikasimama juu ya ukili. Haikusuka tena mpaka filamu ikaisha.

Niseme kwamba baba yake bibi alikwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, bibi akiwa bado mtoto wa chuo cha Qur'ani, na chombo chao hakikurudi. Nilikuwa nalijua hilo, kama mtu anavyojua jambo la ukoo. Wakati nachagua filamu sikulikumbuka, na nilipoona mikono yake imesimama ndipo nilipolikumbuka na moyo ukaniruka.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hebu irudishe, mwanangu. Pale anapogeuka." Maana yule baba, akishateremka kuiendea mashua, anarudi mbio kumkumbatia binti yake mara ya pili kabla ya kuondoka. Nikairudisha. Bibi akatazama, akauliza, "Huyu aliyechora, alifiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilinifanya nirudi kwenye daftari, na kwa kuwa yeye alikuwa ameanza na kodiani, mimi nikaanza na jina la mwenye muziki: Normand Roger, wa Kanada, akishirikiana na Denis Chartrand. Nikalitafuta hilo jina badala ya la mchoraji. Likanifungulia mlango ambao nisingeufikiria, kwa sababu mtunzi mmoja wa muziki hufanya kazi na wachoraji wengi, na wachoraji wazuri humjua.

Kupitia kwake nikamfikia Frédéric Back, aliyechora kwa penseli za rangi, na aliyepata Oscar mara mbili, 1982 na 1988. Filamu yake ya pili kati ya hizo ni ya mchungaji mmoja aliyepanda miti peke yake mpaka nchi kavu ikawa msitu. Ni ya nusu saa na inakwenda taratibu, na mtu yeyote aliyekulia kwenye mikarafuu aliyoipanda babu yake ataielewa. Nilisoma pia kwamba jicho lake moja liliharibika kwa dawa ya kukazia rangi aliyokuwa akiipuliza kwenye michoro. Tangu siku hiyo nafungua madirisha yote ninapochanganya piko, na mtu mwenye ngozi ya kuwasha simpaki, hata akilia.

Kupitia kwa Roger huyohuyo nikamfikia Aleksandr Petrov wa Urusi. Petrov anapaka rangi ya mafuta juu ya kioo, kwa ncha za vidole, brashi anaigusa mara chache. Kwa kusaidiwa na mwanawe Dmitri alitengeneza kwa zaidi ya miaka miwili filamu ya dakika 20 ya hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu mzee na bahari. Picha zaidi ya 29,000, kila moja imepakwa kwa mkono. Ilitoka 1999 na kupata Oscar mwaka 2000.

Hii nilimwekea baba. Baba ni mvuvi, na mkondo wa Pemba una nduaro, kwa hiyo mzee anayepigana na samaki mkubwa siku mbili usiku na mchana si hadithi ya kigeni kwake. Alitazama amesimama, mkono mlangoni, kama mtu aliyekuwa akitoka. Aliangalia mshipi unavyopita kwenye viganja vya mzee, akaangalia vyake. Maji yalipobadilika rangi kuelekea alfajiri akasema, "Huyu amelala baharini." Hakusema zaidi, na hakutoka mpaka ilipomalizika.

Mmoja tu nimemwekea nafasi yake peke yake, naye ni wa jirani. Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza filamu yake kuhusu kujichubua mwaka 2012, alipokuwa akisoma Royal College of Art, London. Amechanganya miili ya watu halisi na michoro, na sauti za watu wa familia yake wakizungumza. Mimi nashika mikono ya mabibi harusi. Naijua mikono ya mkorogo: viganja vimekuwa vyeupe na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na hina haikamati sawasawa kwenye ngozi iliyochunika. Nilikuwa nimenyamaza miaka yote hiyo, kwa sababu mteja ni mteja. Baada ya filamu ile nilianza kusema, kwa upole, tukiwa wawili. Wengine wamekasirika. Mmoja aliahirisha kupaka krimu mpaka harusi ikapita, kisha hakuirudia.

Nilipofika hapo mikono yangu yenyewe ikaanza kutaka kazi. Nilianza na unga wa hina kwa kuwa ndio ninao, lakini unashika unyevu na kung'ang'ania kioo. Nikapanda gari mpaka Konde na kuendelea Vumawimbi, nikachota mchanga kopo moja. Bibi aliuosha, akauanika, akauchekecha mara mbili kwa chekeche ya unga. Fundi wa madirisha alinikatia kioo, nikakiweka juu ya matofali, taa ya kuchaji chini yake na karatasi nyeupe ya kutuliza mwanga, na simu nikaifunga kwenye kiti juu yake ikitazama chini. Programu ya bure kwenye simu inaunganisha picha. Picha 12 kwa sekunde zinatosha. Sinema ya kawaida ni 24, lakini wengi huacha kila mchoro ukae mara mbili.

Feni lazima izimwe na mlango ufungwe. Mara mbili kioo kilitikiswa nikaanza upya. Siku tisa zimenipa picha 168, sekunde 14: kiganja kinafunguka, ua linaota kutoka katikati, linapanda mpaka kwenye ncha za vidole, kisha linapauka. Filamu niliyoiona Ngome Kongwe bado sijaipata, na nimeiacha na ukurasa wake mtupu mwanzoni mwa daftari.

Baada ya ua kupauka nimeongeza picha 48. Ni majina mawili ya mchanga, langu na la bibi aliyeuchekecha, na nimeyaacha yakae sekunde nne nzima.