Kuunganisha Rekodi Kadhaa Kuwa Moja

Mwimbaji anaporudia wimbo uleule mara kadhaa, kila rekodi huwa na uzuri wake: moja ina ubeti wa kwanza uliotulia, nyingine ina kiitikio chenye nguvu. Mimi huanza kwa kuchagua rekodi moja iliyobeba hisia vizuri kuliko zote, nikaifanya msingi, kisha nikaazima vipande kutoka kwa nyingine pale tu panapohitajika, kwa sababu wimbo ulioungwa neno kwa neno hupoteza uhai wake hata kama kila neno limetamkwa sawasawa.

Utaalamu wenyewe umo katika mahali pa kukata. Ukikata katikati ya irabu iliyovutwa, tofauti ndogo ya sauti husikika mara moja. Lakini ukikata kabla tu ya konsonanti kali, kwa mfano katika ule ukimya mfupi unaoitangulia "t" ya "nitakupa", kishindo cha herufi hiyo hufunika kiungo. Hapo vipande hupishanishwa kwa milisekunde 5 hadi 20 hivi, cha kwanza kikififia huku cha pili kikipanda, ili kisisikike kile kimlio cha "tik".

Pumzi nazo zisifutwe ovyo (wengi huzifuta zote, na wimbo hubaki kama umeimbwa na mashine); ni afadhali kuhamisha neno pamoja na pumzi inayolitangulia. Na ikiwa maikrofoni ilisogezwa kati ya rekodi mbili, sauti zake haziendani kwa urahisi, hivyo mara nyingi kurekodi upya huchukua muda mfupi kuliko kuzilazimisha zifanane.